Nyumba Inayovuta

Fuko wa chuma aliteremka shimoni saa tatu asubuhi, akaukwangua mwamba kidogo kama anayeonja chumvi, kisha akazama. Hakuwa mkubwa. Urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima, na watu wawili walimbeba bila kutoa jasho. Lakini meno yake ya almasi yaliusaga mwamba wa jiji la Majabali kwa mngurumo uliosikika zaidi miguuni kuliko masikioni, na nyuma yake aliburuta bomba jembamba lenye vitundu. Baada ya dakika arobaini angekuwa ameizunguka sakafu yote kwa chini na kuibuka upande wa pili. Bomba angeliacha humo, na kuanzia hapo lingenyonya gesi ya radoni na kuitupa juu ya paa kabla haijapata upenyo wa kuingia ndani.

Mhandisi Sechelela Ndahani alisimama ukingoni mwa shimo akitazama saa yake kila baada ya dakika mbili. Hakuwa na safari yoyote. Ndivyo alivyokuwa, mwanamke asiyejua kutulia. Hata chai aliinywa akizunguka meza. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na miwili hewa ya nyumba zote za jiji ilikuwa mikononi mwake.

Majabali lilijengwa magharibi ya Dodoma, juu ya uwanda wa mwamba wenye urani ndani yake. Waliolijenga walikuwa na maadui wawili, joto na vumbi, wakawashinda wote kwa kuziba. Kila mlango na kila dirisha lilivalishwa mpira mzito, na hewa ikapozwa na kuzungushwa humo humo ndani. Watu wakashangilia, wakasahau kwamba nyumba nayo ina haja ya kupumua. Feni za jikoni na bafuni zilitoa hewa nje mchana kutwa, na nyumba, kwa kuwa imezibwa kila upande, ilitafuta hewa ya kujazia pale palipobaki wazi tu: chini, kwenye nyufa za sakafu. Hewa ya huko ilipanda na radoni. Wahandisi walikuwa na neno lao kwa hali hiyo. Nyumba inavuta, walisema.

Radoni haina rangi wala harufu, na mtu angeweza kuivuta na kuitoa ikapita zake. Tabu yake ni kwamba haidumu. Ndani ya siku chache huvunjika, na kinachobaki ni chembe zenye mionzi ambazo hudandia vumbi na moshi, zikashuka nao kifuani na kukaa huko zikiunguza kidogo kidogo. Ndiyo maana kila sebule ya Majabali ilitundikwa kinusio, chombo cha ukubwa wa sahani ya chai, kinachonusa hewa na kupiga kengele radoni ikivuka kipimo cha mionzi cha bekereli mia tatu kwa kila mita ya ujazo.

Kengele ya nyumba hii ilikuwa imelia mara tatu kwa wiki moja. Mwenye nyumba, Bi Nyemo, mwalimu mstaafu wa hesabu, alitoka na kikombe cha uji wa uwele akampa mhandisi.

"Hiki chombo chenu kina ugomvi na mume wangu," alisema.

"Ugomvi gani, mama?"

"Alipokuwa anavuta sigara zake, hakikulia hata siku moja. Miaka yote hiyo. Ameacha, mwaka wa nne huu, nacho hakijanyamaza tangu hapo. Nikamwambia basi, rudia tu sigara zako tupate kulala."

Mafundi wawili waliokuwa kwenye shimo walicheka. Sechelela naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka.

"Alikuwa anavutia wapi?"

"Wapi tena? Dirishani. Ndani nisingemruhusu. Anabandua ule mpira wenu, anatoa kichwa nje kama mbuzi anayechungulia shamba la watu. Mara kumi kwa siku. Na akimaliza anasahau kufunga. Tuligombana mno kwa sababu ya vumbi."

"Na sasa?"

"Sasa dirisha la nini? Limefungwa. Nyumba yangu safi, njoo uone."

Sechelela hakwenda kuona. Alirudisha kikombe kikiwa bado kimejaa, akawaambia mafundi wamsubiri fuko atoke, akaingia kwenye gari lake. Gari liliuliza aendako. Aliliambia lisubiri.

Jiji zima lilikuwa na mafuko arobaini na sita kwa nyumba laki mbili. Nani aanze na nani asubiri, hilo liliamuliwa na Mizani, akili bandia ya idara, ambayo iliipa kila nyumba alama kwa kutazama umri wake, nyufa za sakafu, vyumba vilivyochimbwa chini ya ardhi, na mengine kama hayo. Mizani ilijifunza yote hayo yenyewe kutoka kwenye takwimu za miaka kumi. Na jambo moja ililolikuta liliwashangaza watu: nyumba zenye mvutaji wa sigara zilikuwa na radoni kidogo kuliko nyingine. Si kidogo sana, ila kila mara. Basi Mizani ikaamua kwamba nyumba yenye mvutaji ipunguziwe alama thelathini na kusogezwa nyuma kwenye foleni.

Siku kanuni hiyo ilipopitishwa, mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu aliuliza kikaoni kwa nini sigara ipunguze gesi inayotoka ardhini. Alijibiwa kwamba Mizani haiulizwi kwa nini, inaulizwa ngapi. Watu walitabasamu, mzee akakaa. Aliyejibu hivyo ni Sechelela, na hadi asubuhi hii alikuwa akilikumbuka jibu lile kwa fahari.

"Mizani," aliita sasa, gari likiwa limesimama pale pale. "Nyumba ngapi zina mtu aliyewahi kuvuta kisha akaacha?"

"Elfu tisa mia nne na kumi na saba," sauti ilijibu.

"Radoni yake kabla ya kuacha na baada ya kuacha."

"Kabla, wastani wa bekereli mia moja na ishirini. Baada, mia mbili na themanini. Katika nyumba elfu tatu na sitini, zaidi ya mia tatu."

"Hizo elfu tatu kengele hazilii?"

"Zinalia. Wengi wamezizima."

"Ngapi zimepelekewa fuko?"

"Kumi na moja, pamoja na hii."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Kwa kanuni uliyoniwekea, aliyewahi kuvuta huhesabiwa mvutaji kwa miaka kumi, hata akiacha. Kwa hiyo alama thelathini zinabaki zimepunguzwa."

Kanuni hiyo ya miaka kumi aliiweka yeye kwa nia njema kabisa, kwa kuwa madaktari walimwambia mapafu ya mvutaji huchukua muda mrefu kupona. Mapafu, ndiyo. Lakini dirisha hufungwa siku ile ile. Sigara haikuwahi kupunguza radoni hata chembe. Kilichopunguza ni mtu anayefungua dirisha ili asiudhi wenzake kwa moshi. Na yeye Sechelela, msomi mwenye vyeti vya kujaza ukuta, alikuwa amewachukua watu wenye vifua vilivyokwisha kuchakaa kwa moshi, watu ambao radoni ingewadhuru kuliko wote, akawaweka mwisho wa foleni.

Halafu akamkumbuka baba yake. Aliliambia gari limpeleke nyumbani.

Mzee Ndahani alihamia kwa binti yake miaka tisa iliyopita, baada ya mkewe kufariki, akitokea kwenye shamba lake la zabibu. Alipewa chumba cha chini, kilichochongwa nusu ndani ya mwamba, kwa sababu ndicho kilichokuwa na ubaridi. Kilikuwa na dirisha moja refu na jembamba, lililokaa juu ya kitanda, usawa wa nyasi za bustani. Alikuja na sanduku, redio, na sigara zake za miaka arobaini. Lakini sigara hizo alizivuta kwa siri. Kwa mzee wa kwao, kuvuta mbele ya mkwe ni kujivua nguo. Basi alimsubiri Elibariki, mume wa Sechelela, aende kazini. Akishatoka tu, mzee alifungua dirisha, akavuta kwa raha zake, na akaliacha wazi mpaka jioni ili harufu isimfikie mkwe. Miaka mitatu ilipita hivyo, na nyumba nzima ilijua na kujifanya haijui.

Siku moja Elibariki alirudi mapema kutafuta ngazi kwenye stoo iliyopakana na chumba cha mzee, akamkuta na sigara mdomoni. Elibariki alitoa shikamoo yake, akachukua ngazi, akaenda. Mzee Ndahani hakupanda juu kula kwa siku mbili. Siku ya tatu alimkabidhi binti yake pakiti na kiberiti.

"Nimeacha," alimwambia.

Na kweli aliacha. Marehemu mkewe alimsihi maisha yake yote, madaktari walimtisha kwa picha za mapafu meusi, wapi. Aibu ya mara moja mbele ya mkwe ikamaliza kazi. Sechelela alifurahi hadi akalia. Wiki ile ile, kwa kuwa ni mtumishi mwaminifu, aliingiza taarifa kwenye kumbukumbu za nyumba yake: mvutaji yumo, ameacha. Nyumba iliyokuwa ya mia mbili na kumi na mbili kwenye foleni ikaporomoka hadi baada ya elfu sitini. Aliliona hilo kwa macho yake na kusema sawa, kanuni ni kanuni. Isitoshe kinusio cha sebuleni, juu, kilisoma bekereli tisini na tano tu. Chumba cha chini hakikuwa na kinusio. Ilikuwa miaka sita iliyopita.

Alimkuta baba yake ameketi kwenye mkeka, akichambua choroko kwenye ungo.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mama," aliitikia salamu hiyo ya Kigogo bila kuinua kichwa, kisha akakiinua. "Mbona mchana? Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

Aliweka kinusio cha mkono sakafuni, kile wanachotumia mafundi, kinachotoa jibu kwa dakika tatu. Dakika tatu hizo alizimaliza akitembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi. Mzee alimfuata kwa macho, akakohoa kikohozi kirefu kikavu, akajifuta mdomo na kuendelea na choroko.

"Hicho kikohozi kina muda gani?"

"Vumbi tu."

Vumbi lipi, na chumba kimezibwa namna hii? Sechelela hakuuliza, maana kinusio kilitoa mlio wake. Bekereli elfu moja mia nane na sitini. Alisoma mara mbili, akakipiga kofi, akasoma tena.

"Baba, hili dirisha hulifungui?"

"Silifungui."

"Tangu lini?"

"Tangu lini unajua wewe mwenyewe."

"Hata joto likizidi? Hata siku moja?"

Mzee aliweka ungo chini. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyengoja kwa muda mrefu aulizwe jambo hilo ili alieleze vizuri.

"Mwanangu, mkwe wangu anapita bustanini kila jioni akirudi. Akiliona dirisha liko wazi atasema nini? Atasema mzee karudia. Hatasema kwa mdomo, yule kijana ana adabu. Atasema moyoni. Basi mimi nimelifunga. Miaka sita. Apite saa yoyote anayotaka, alikute limefungwa. Mpira wenyewe umeshikana na chuma, hata nikitaka siwezi."

Alisema hayo kwa kujivuna, na Sechelela, ambaye kukaa kwake ni kwa shida, alikaa kitandani akashindwa kuinuka. Kwa miaka sita alikuwa akilitazama dirisha lile kutoka bustanini na kumsifu baba yake kwa watu. Aliona uchungu wa kutaka kupiga kelele, na hakuna wa kumpigia isipokuwa yeye mwenyewe.

"Baba, nyumba inavuta," alisema mwishowe.

"Inavuta nini?"

"Gesi ya mwamba. Inaivuta kutoka chini, inaingilia humu kwanza. Zamani ulipokuwa unafungua dirisha ilikuwa inatoka. Tangu ulipofunga, imekaa humu na wewe. Na kifua cha mtu aliyevuta sigara hakihimili."

Mzee alifikiri, kisha akacheka bila sauti.

"Kwa hiyo nilipoacha mimi, ikaanza nyumba."

"Usicheke, baba. Kuna fuko angekuja hapa miaka sita iliyopita. Nimemzuia mimi. Niliandika kwamba humu kuna mvutaji, na mashine ikaona nyumba ya mvutaji ina nafuu. Mimi ndiye niliyeifundisha hivyo."

"Uliandika kwamba nimeacha?"

"Niliandika."

"Basi uliandika kweli," mzee alisema, akarudia choroko zake. Alimsamehe hivyo, kwa sentensi moja, bila hata kujua anasamehe nini, na hilo ndilo lililomuumiza binti yake kuliko kama angegombezwa.

Mpira wa dirisha ulikuwa umeshikana kweli. Ilibidi Sechelela aukate kwa kisu cha jikoni.

Siku iliyofuata walikwenda hospitali. Mashine ya picha ilimzunguka mzee mara moja, na daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimwonyesha Sechelela kivuli kwenye pafu la kulia, ukubwa wa punje ya hindi. Wangekipima. Huenda kikatibika, kwa sababu kimeonekana mapema, na huenda pia mapema hiyo isitoshe.

"Ni sigara au ni chumba?" Sechelela aliuliza.

"Ungependa iwe ipi?"

Sechelela alirudia kukitazama kivuli. Daktari akamweleza kwamba vitu viwili hivyo havijumlishwi, vinazidishana. Moshi huacha kifua bila ulinzi, na chembe za radoni hukikuta hivyo. Miaka arobaini ya kwanza imekutana na miaka sita ya pili, na hakuna mashine duniani inayoweza kuonyesha ni upande upi uliotangulia kuchoma.

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja ofisini, akafuta kanuni. Alama thelathini zilirudishwa, na Mizani ikaipanga foleni upya bila kinyongo, nyumba zile elfu tisa mia nne na kumi na saba zikapanda juu. Aliandika tangazo la kupelekwa kwenye nyumba hizo: fungueni madirisha leo, chumba cha chini kwanza, awe anavuta mtu au havuti. Mkuu wake alilisoma akasema watu watacheka, jiji limetumia miaka sitini kuwafundisha kufunga, kesho waambiwe wafungue? Sechelela akamwambia wacheke. Chini ya tangazo aliandika jina lake, na kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba kuna mzee aliyeuliza swali sahihi kikaoni akajibiwa vibaya. Nyumba yake mwenyewe iliangukia nambari elfu mbili na kitu. Alikaa na kidole juu ya nambari hiyo kwa muda mrefu. Kuisogeza kungechukua sekunde moja, na mbele yake zilikuwepo nyumba elfu mbili za baba wa watu wengine. Aliiacha, akaondoka akiwa hajui kama amefanya haki au ameongeza kosa juu ya kosa.

Alimtaka baba yake ahamie juu. Mzee alikataa katakata. Juu kuna chumba cha kulala cha mkwe, na bafu la mkwe. Apishane naye kwenye korido akiwa na taulo? Angekaa hapo hapo chini, dirisha likiwa wazi, mpaka fuko atakapofika. Sechelela alibishana naye kutwa nzima ya Jumamosi, akapanda ngazi na kushuka, akahamisha kitanda mbali na ukuta wa mwamba, akaweka feni dirishani, akaitoa, akairudisha. Upepo ulileta vumbi jekundu hadi kwenye shuka. Kinusio kilisoma mia moja na arobaini.

Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni, viatu vilisikika kwenye kokoto za bustani. Elibariki alikuwa amerudi. Mzee Ndahani, aliyekuwa amelala, aliinuka ghafla, akapiga magoti kitandani, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye komeo.

"Liache, baba," Sechelela alisema, akamshika kifundo cha mkono. "Nimeshamweleza. Anajua yote."

Viatu vilisimama mbele ya dirisha. Elibariki akachuchumaa taratibu, uso wake ukaonekana kati ya nyasi, na kwa adabu akatazama pembeni ili asichungulie chumba cha mkwewe.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliuchomoa mkono wake kwa binti yake. Akainyoosha mikono yote miwili hadi dirishani, viganja juu, vidole vimeachana ili kila kimoja kionekane.

"Marahaba," alisema. "Sivuti, mkwe wangu."